Mitini ya Fresno na Onyo Lililopuuzwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, gazeti la Bulletin la San Francisco liliagiza vipandikizi vya mtini vipatavyo 14,000 kutoka Smyrna, mji wa Uturuki ambao leo unaitwa Izmir. Vilipofika viligawiwa kwa wasomaji wake waliokuwa na mashamba katika jimbo la California. Lilikuwa jambo lililofikiriwa kwa nia njema. Wakati ule tini kavu za Smyrna ndizo zilizosifiwa kuliko zote, na bei yake ilionyesha hivyo. California nayo ilikuwa na karibu kila kitu ambacho mkulima wa mtini angekiomba. Bonde lake kubwa la kati, mahali ulipo mji wa Fresno, lina kiangazi kirefu na kikavu. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 280 tu, na karibu yote hunyesha wakati wa baridi. Tunda linapoiva hakuna tone la kuliharibu, na likianikwa juani linakauka vizuri. Ukilinganisha na mabonde ya Aydın, kusini ya Izmir, ungeona nchi mbili zinazofanana kwa jua, kwa ukavu na kwa majira.

Vipandikizi vikashika. Mitini ikanenepa, ikatanda matawi, ikawa na majani mapana ya kijani. Ilipofikia umri wa kuzaa ikatoa vitunda vingi, na wenye mashamba wakafurahi. Kisha vitunda vilipofika ukubwa wa gololi vikaanza kunyauka, vikageuka manjano, vikaanguka chini vyote. Mwaka uliofuata ikawa vile vile, na uliofuata pia.

Ninaieleza habari hii kwa sababu naona watu wengi wa kwetu sasa wanaupenda mtini. Wengine wameuonja Uarabuni, wengine wameujua tangu utotoni kwa kusoma Qur'ani au Biblia, wengine wamechoka kununua tini kavu za Ramadhani kwa bei ya juu na wanataka mti wao uani. Swali la kwanza linaloulizwa ni hili: mtini unastawi mkoa gani? Ni swali zuri, lakini ndilo hilo hilo lililoulizwa California, likajibiwa kwa usahihi kabisa, na bado watu wakapoteza miaka karibu 20.

Wakulima wale hawakuwa wajinga, wala mimi ninayeandika sijioni kuwa salama kuliko wao. Mtu akiniletea leo kipandikizi cha mti unaosifiwa, nitatazama jua, udongo na maji, na nikiridhika nitachimba shimo. Ndivyo sote tulivyofundishwa kufikiri kuhusu kupanda. Kwa hiyo tuyatazame yale waliyoyaona wakayapita, kwa sababu ni mambo ambayo sisi pia tungeyapita.

La kwanza lilikuwa mlangoni pao. California ilikuwa na mitini tangu mwaka 1769, wamisionari wa Kihispania walipoileta San Diego. Aina ile, ambayo mpaka leo inaitwa Mission, ilikuwa ikizaa matunda meusi matamu mwaka hadi mwaka, hata kwenye viwanja ambavyo hakuna aliyevishughulikia. Wenye mashamba waliiona wakasema: nchi hii ni nchi ya tini. Kweli ilikuwa hivyo. Lakini mti wa Mission unapozaa vizuri na jirani yake wa Smyrna anadondosha kila tunda, katika udongo ule ule na chini ya jua lile lile, basi hapo kosa haliko kwenye ardhi wala kwenye hewa. Kuna kitu kimoja anachokihitaji wa Smyrna ambacho Mission hakihitaji. Miti miwili ilikuwa ikilitoa jibu hilo kila msimu, bega kwa bega.

La pili lilikuwa ndani ya tunda lenyewe. Ukitafuna tini kavu ya Smyrna, mbegu zake zinavunjika menoni kwa sauti na zina ladha ya njugu, kwa sababu ndani zina kiini. Mbegu za Mission ni maganda matupu. Mbegu yenye kiini ni alama ya ua lililopata chavua. Kila aliyeinunua tini ya Smyrna dukani aliushika ushahidi huo mkononi, akaula.

La tatu ndilo linalonisikitisha zaidi. Wakulima wa Smyrna walikuwa na desturi ambayo hawakuificha. Kila mwaka, kiangazi kinapoanza, walichuma matunda ya mtini mwingine, mtini dume, usioliwa, wakayatunga kwenye nyuzi za ukindu au nyasi na kuyatundika katika matawi ya mitini yao mizuri. Walifanya hivyo wao, na baba zao, na babu zao. Wagiriki wa kale waliiandika desturi hiyo. Aristotle aliitaja, na mwanafunzi wake Theophrastus akaieleza kwa kirefu zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, pamoja na vijidudu vinavyotoka katika matunda hayo. Habari hii ilikuwa kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 2,000. Wasafiri waliofika Smyrna waliiona kwa macho. Lakini wengi waliosoma na waliosafiri waliihesabu kuwa ni ushirikina wa watu wa mashambani, na hata baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliandika kwamba haina faida yoyote.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mkulima anayetundika matunda machungu mtini kila mwaka, akatumia siku zake na jasho lake, hafanyi hivyo kwa kujifurahisha. Huenda asiweze kukueleza sababu kwa maneno ya darasani. Lakini akiacha kufanya, hapati mavuno, na hilo analijua. Tunapomwona mzee wa mahali fulani anafanya jambo ambalo hatulielewi kwa mmea tunaoutaka, tusiondoke na mmea tukaliacha jambo.

California walifanya nini? Walipoona vitunda vinaanguka, wengi walisema wafanyabiashara wa Smyrna wamewalaghai, wamewauzia miti isiyofaa ili wasipate mshindani. Ni shutuma iliyoenea, na haikuwa ya kweli: miti ilikuwa halisi. Wengine waling'oa. Mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Sweden, Gustav Eisen, aliposimama katika mkutano wa wakulima huko Fresno na kusema kwamba tini za Smyrna haziwezi kuiva bila mdudu na bila mtini dume, alizomewa. Nafikiri sana juu ya mkutano ule. Watu waliokuwa wamekaa pale ndio waliokuwa na hasara, na aliyekuwa mbele yao ndiye aliyekuwa na dawa.

Jambo lenyewe liko hivi. Tini si tunda la kawaida. Ni kifuko kilichojaa maua madogo mengi yaliyotazama ndani, na njia ya pekee ya kuingia ni kitundu kidogo kilichoko mwishoni, mkabala na kikonyo. Nyuki hawezi kupita, upepo hauwezi kuingiza chavua. Anayeweza ni nyigu mmoja mweusi mwenye urefu wa milimita 2 hivi, ambaye wataalamu wanamwita Blastophaga psenes. Anazaliwa ndani ya tunda la mtini dume. Madume hawana mbawa. Wanawapanda majike humo humo na kufa bila kuliona jua. Jike hutoka akiwa amejipaka chavua mwilini, akaenda kutafuta tini changa ya kutagia mayai. Akiingia katika tunda la mtini dume, hukuta maua mafupi yanayomfaa, akataga, na kizazi kikaendelea. Akiingia katika tunda la Smyrna, hukuta maua yenye shingo ndefu ambayo hawezi kuyafikia. Anahangaika kutoka ua hadi ua, chavua inamdondoka, na mbawa zake zimekwisha katika kile kitundu, kwa hiyo hatoki tena. Yeye anafia humo, na tunda linamyeyusha. Lakini maua yamepata chavua, mbegu zinajaa, na tunda linakaa mtini mpaka linaiva.

Ndiyo maana ya zile nyuzi za matunda machungu.

Yuko mmoja ambaye hakuridhika na kulaumu. Frederick Roeding, mwenye shamba na kitalu cha miche Fresno, mwaka 1886 alimtuma msimamizi wake kwenda Smyrna akatazame. Msimamizi akarudi na habari ya nyigu na akaagiza miche ya mitini ya kula pamoja na mitini dume. Mwaka 1890 George Roeding, mtoto wa Frederick, pamoja na Eisen walitia chavua ya mtini dume kwa mkono katika tini chache za Smyrna. Zile chache zikaiva. Zilizobaki mtini zikaanguka kama kawaida yake. Huo ulikuwa ushahidi usiohitaji hotuba, na aliyezomea angeweza kwenda kuuonja.

Msomaji atafikiri kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Majaribio ya kwanza ya kuleta nyigu mwanzoni mwa miaka ya 1890 hayakufaulu, na hapa kuna onyo jingine ambalo ni rahisi kulisahau. Nyigu huyu anaishi maisha mafupi sana nje ya tunda. Ni lazima kila kizazi kinapotoka kikute mtini dume wenye matunda machanga ya kiwango kinachofaa. Mtini dume huzaa mara 3 kwa mwaka: tunda la masika ndilo linalotoa nyigu wa kuhudumia mitini ya kula, tunda la kiangazi huwapokea baadaye, na tunda la baridi huwahifadhi mpaka mwaka mpya. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, wadudu wote wamekwisha. Kwa hiyo mkoa unaoifaa Smyrna lazima uwe na kiangazi kikavu na vilevile baridi ya upole, maana barafu ikiyaua matunda ya mtini dume katika Desemba, nyigu hawatakuwepo Juni. Ni mara ngapi tunapochagua mahali pa kupanda tunafikiria majira ambayo mti wetu umelala?

Mwishowe, Walter Swingle wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alituma kutoka Algeria matunda ya mtini dume yenye nyigu. Katika masika ya mwaka 1899 nyigu wale walishika katika shamba la Roeding. Mitini ikazaa. Aina ile ikapewa jina jipya, Calimyrna, kwa kuunganisha California na Smyrna, na mpaka leo wakulima wake huko hutundika mifuko ya matunda ya mtini dume mashambani kila Juni, sawasawa na wazee wa Aydın walivyokuwa wakifanya.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni kama linavyoonekana. Mkuyu ni ndugu wa mtini. Ukipasua kuyu lililoiva utakuta wadudu wadogo ndani, na wengi wetu tulikatazwa tukiwa watoto kuyala kwa sababu hiyo. Wale ni nyigu wa mkuyu, aina nyingine kabisa, hawawezi kuhudumia mtini wa Smyrna. Mkuyu ulifika Misri zamani sana, lakini nyigu wake hakufika pamoja nao. Wamisri hawakuung'oa, wala hawakumlaumu aliyeuleta. Waligundua kwamba ukilikata tunda kidogo kwa kisu likiwa bado changa, linavimba na kuiva kwa siku chache bila mdudu. Michoro na mabaki ya makuyu yenye alama ya kisu yamekutwa katika makaburi yao. Nabii Amosi katika Biblia alikuwa mtu wa kazi hiyo ya mikuyu. Wamisri walipata mti uliokuja peke yake, wakatafuta namna ya kuziba pengo.

Sasa turudi uani kwako. Nyigu wa mtini wa Smyrna asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Kati na Asia ya Magharibi. Ukipanda Dodoma, Nakuru au Kampala, hesabu kwamba hayupo. Basi kabla ya kuuliza mkoa gani, uliza mtini gani. Aina zinazojizalia zenyewe bila chavua ndizo zinazotufaa: Brown Turkey, Mission, Kadota, Celeste na jamii yao. Ukitajiwa Calimyrna, au ukaambiwa tu kwamba ni "ile ya Uturuki", usinunue, hata kama mche ni mzuri kiasi gani. Kuna pia kundi la katikati, San Pedro, ambalo huzaa zao la kwanza kwenye matawi ya mwaka jana bila msaada, kisha zao kuu likaanguka kwa kukosa chavua. Hilo linahadaa zaidi, kwa sababu mwanzoni utadhani umefaulu.

Kipandikizi kizuri kuliko vyote ni kile kilichokatwa mbele yako kutoka mti unaozaa katika mtaa wako au mtaa unaofanana na wako. Omba kuonja tunda lake. Usioteshe mbegu za tini kavu ulizonunua dukani. Nyingi kati ya hizo ni za Smyrna, na ingawa mbegu zitaota, karibu nusu ya miche itakuwa dume na mingi ya iliyobaki itamhitaji nyigu. Utamwagilia kwa miaka mti usiokuwa na nia ya kukulisha.

Ukishajua aina, ndipo swali la mkoa lina maana. Mtini unapenda ukavu wakati wa kuiva. Tini iliyoiva ikinyeshewa hupasuka, na kupitia kile kitundu cha mwishoni huingia chachu na wadudu, ikachacha kabla hujaichuma. Kwa hiyo pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa, ina shida mbili: unyevu unaochachusha tunda na ugonjwa wa kutu unaoyafanya majani yawe na madoa ya kahawia na kupukutika. Sisemi hauwezi kuzaa. Nasema uchague aina yenye kitundu kilichojifunga vizuri, kama Celeste, uache nafasi ya upepo kupita kati ya matawi, na uchume mapema. Bara kwenye ukavu ni afadhali zaidi. Ningekuwa natafuta mahali Tanzania ningeanza kutazama Dodoma, ambako mzabibu umezoea, maana miti hii miwili imeishi pamoja nchi nyingi na inapenda hewa inayokaribiana. Ndugu zetu wa Oman wanajua kuwa milima ya Jabal Akhdar inatoa tini pamoja na makomamanga, wakati joto na unyevu wa ufukweni ni habari nyingine.

Na walioko ughaibuni wasikate tamaa. London haina nyigu, lakini Brown Turkey iliyopandwa kwenye ukuta unaopata jua la mchana huzaa vizuri huko, hasa mizizi yake ikibanwa ili mti usimalizie nguvu kwenye majani. Mahali pa theluji nyingi, Toronto kwa mfano, matawi hufa baridi ikishuka karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Panda kwenye chungu, na majani yakishapukutika uuingize mahali penye ubaridi usiogandisha mpaka masika.

Ukipanda ardhini, ukague udongo pia. Ule wa kichanga wenye joto mara nyingi huwa na minyoo fundo inayovimbisha mizizi na kuumaliza mti polepole. Kabla ya kupanda, ng'oa mche mmoja wa nyanya au bamia uliozeeka hapo ulipopachagua, utazame mizizi yake. Ukikuta mafundo mafundo, tafuta pengine, au panda kwenye pipa lenye udongo mpya uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri.

Vitunda vikianza kuanguka, usikimbilie mbolea wala shoka. Mti mchanga hudondosha katika mwaka wake wa kwanza na wa pili, na mti uliokaushwa kisha ukafurikishwa maji hufanya vivyo hivyo, na hayo hurekebika. Lakini mti ulionawiri, wenye maji ya kawaida, ukidondosha kila tunda likiwa la ukubwa wa gololi kwa misimu 3 mfululizo, rudi kwa aliyekuuzia ukamuulize jina la aina. Kisha tafuta mwenye mtini unaozaa, ukate kijiti chake, ukiunganishe kwenye shina lako. Mtini unakubali kuunganishwa, na mizizi uliyoilea miaka yote hiyo haitapotea.